Draya inazunguka lakini nguo hazikauki: anza na upepo kabla ya kununua kipuri

Tia nguo mbichi kwenye draya, iwashe, kisha toka nje uende pale ukutani bomba lake la kutolea hewa linapotokea. Weka kiganja. Hewa inatakiwa ije kwa nguvu, ya moto na yenye unyevu, na kile kilango cha nje kiwe kimejiinua chenyewe. Kama unachokipata ni pumzi hafifu, au kilango kimelala, umeshapata nusu ya jibu bila kufungua skrubu hata moja. Wengi hawafanyi hivi. Wanaanza kwa kuagiza elementi mpya, yaani kile kipande cha kupasha hewa joto, mtandaoni, wanaifunga, nguo zinaendelea kutoka mbichi, wanaamua mashine imezeeka, wanaitupa na kununua nyingine. Na hiyo nyingine inafungwa kwenye bomba lilelile lililoziba.

Draya haikaushi kwa joto peke yake. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye elementi au kwenye mwali wa gesi ikapata moto, inaingia kwenye pipa, inabeba maji ya nguo yakiwa mvuke, inapita kwenye chujio, halafu inasukumwa kwenye bomba mpaka nje. Mvuke usipotoka, nguo zitabaki mbichi hata ndani kukiwa kama tanuri. Njiani hewa hiyo inabeba pia nyuzi zinazokatika kwenye nguo, ile pamba laini ya kijivu unayoikuta kwenye chujio, ambayo hapa nitaiita manyoya. Chujio linakamata sehemu kubwa, siyo yote. Yanayopenya yanalowana na mvuke, yanajibandika kwenye kona za bomba, na kila mzigo wa nguo unaongeza tabaka. Taulo na mashuka ya pamba ndiyo yanayomwaga zaidi; madera ya polyesta humwaga kidogo sana. Yakikauka, manyoya haya yanashika moto upesi mno.

Haya nimeyaandika zaidi kwa walioko Marekani na Kanada, ambako draya ya bomba imo katika nyumba nyingi na ambako baadhi ya mitaa inakataza hata kutundika kamba ya kuanikia uani. Walioko Uingereza na Ulaya, ambako draya nyingi hazina bomba, sehemu yao iko mbele.

Kabla hujasogeza mashine

Jua kwanza kama yako ni ya umeme au ya gesi. Ya umeme huku Amerika Kaskazini ina plagi kubwa ya volti 240, yenye miguu mitatu au minne minene. Ya gesi ina plagi ndogo ya kawaida ya volti 120, na nyuma yake kuna paipu ya gesi. Ya umeme, chomoa plagi. Ya gesi, chomoa plagi kisha funga koki: mkono wake ukilala sambamba na paipu, gesi iko wazi, ukikatiza paipu, imefungwa. Iache mashine ipoe.

Kwenye gesi usivute mashine kwa pupa. Paipu inayonyumbulika ikikunjika au kiungo kikilegea, ukapata harufu ya gesi, acha kila kitu ulichoshika, usiguse hata swichi ya taa, toa watu nje, na simu ya kuita kampuni ya gesi au 911, namba ya dharura, uipige ukiwa nje. Kama huna uhakika na paipu hiyo, kusogeza mashine mwachie fundi. Kuna kazi nyingine tele unayoweza kuifanya bila kuisogeza.

Vaa glavu ngumu, maana kingo za bati nyuma ya draya zinakata vibaya, na barakoa, maana utakachokivuruga huko nyuma ni vumbi la miaka. Tafuta mtu wa pili wa kusukumana naye. Mashine ya gesi iliyopandishwa juu ya mashine ya kufulia usiishushe peke yako kwa hali yoyote.

Nguo zinatoka mbichi mpaka uwashe mara mbili

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kabla ya kuituhumu draya ondoa mambo mawili. Kwanza, chukua fulana moja inayotoka kwenye mashine ya kufulia uikamue kwa mkono. Ikitiririsha maji, draya haina kosa. Mashine ya kufulia haikukamua. Pili, angalia umejaza kiasi gani. Nguo zinatakiwa zipande na kudondoka ndani ya pipa. Blanketi mbili nzito zilizoshindiliwa pamoja zinazunguka kama furushi moja, na katikati ya furushi hewa haifiki.

Kama hayo yako sawa, fuata njia ya hewa kuanzia ndani kwenda nje.

Chujio ni la kusafishwa kila mzigo, kabla hujaweka nguo nyingine. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba chujio linaweza kuonekana safi na bado likawa limeziba. Vile vikaratasi vya kulainisha na kunukiza nguo huacha utando usioonekana juu ya wavu. Chukua chujio ulipeleke kwenye sinki, ulilaze, umimine maji katikati. Maji yakipita papo hapo, liko sawa. Yakisimama juu ya wavu, hata hewa inapita kwa shida. Lisugue kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, pande zote mbili, lisuuze, liache likauke kabisa ndipo ulirudishe. Wavu ukiwa umechanika au fremu imepinda, nunua jipya kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko mlangoni. Usiiendeshe draya bila chujio hata mara moja, hata kama ni taulo moja tu la haraka: manyoya yote yanakwenda moja kwa moja kwenye feni na bombani.

Chini ya chujio kuna mfereji mwembamba. Mulika tochi humo. Mara nyingi utaona manyoya yamejipanga ukutani, pamoja na sarafu, vibanio vya nywele na soksi ya mtoto. Tumia brashi ndefu nyembamba ya kusafishia draya, kisha pua nyembamba ya mashine ya kuvuta vumbi. Usisukume manyoya kwenda chini. Yalegeze uyavute juu. Vijiti vya jikoni na waya wa henga viache, vinachana wavu na kusukuma uchafu hadi kwenye feni.

Sasa nyuma ya mashine. Dada mmoja alinipigia akaniambia, "Kaka, njoo na elementi kabisa, usije ukarudi mara mbili." Elementi ilikuwa nzima. Nyuma kulikuwa na bomba la foili lililobanwa kati ya mashine na ukuta mpaka likawa bapa, na katika kila kunjo manyoya yalikuwa yamegandamana kwa matabaka unayoweza kuyahesabu kwa rangi: samawati ya jinzi, nyeupe ya taulo, nyekundu ya blanketi la mtoto, kisha kijivu. Tuliling'oa lote, tukaweka bomba la bati lenye kona moja ya kukaa karibu na ukuta, na taulo zikakauka kwa mzunguko mmoja siku ileile. Elementi aliirudisha dukani.

Kuna jaribio dogo la kutenganisha mashine na bomba, na ni la draya ya umeme tu. Toa bomba nyuma ya mashine, washa draya kwa dakika chache bila nguo, weka mkono karibu na tundu la kutolea hewa. Upepo ukiwa wa nguvu na wa moto hapo, wakati kule nje ulikuwa hafifu, mashine haina tatizo, bomba ndilo limeziba. Upepo ukiwa hafifu hata hapo, manyoya yamo ndani ya mashine yenyewe, kwenye feni au njia yake. Kwenye draya ya gesi usifanye jaribio hili kabisa. Hewa yake inabeba moshi wa mwali, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

*Kusafisha bomba lenyewe.* Legeza klempu, toa bomba kwenye mashine na kwenye ukuta. Kipande kifupi cha nyuma, kama ni cha foili au cha plastiki jeupe, usihangaike kukisafisha, kitupe. Plastiki inayeyuka na kuwaka, na hairuhusiwi. Foili inajikunja, na ile mikunjo yake ndiyo mitego ya manyoya. Weka bati gumu laini kwa ndani, au, pale pasipopitika, la aluminiamu nusu-gumu. Upana ni inchi 4.

Bomba lililomo ukutani lisafishwe kwa brashi ya duara yenye vijiti vya kuunganisha, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukiizungusha kwa drili, zungusha upande wa kukazia tu. Ukigeuza drili irudi nyuma, vijiti vinafunguka na brashi inabaki katikati ya ukuta, na hapo ndipo kazi ya saa moja inapogeuka kuwa kazi ya kubomoa. Drili iende polepole. Ongeza kijiti kimoja kimoja, vuta manyoya nje mara kwa mara badala ya kuyashindilia mbele, na mashine ya kuvuta vumbi iwe mdomoni pa bomba. Kama bomba la ukutani lenyewe ni la foili au plastiki, brashi ya drili italichana bila wewe kuona. Hapo simama.

Ukirudisha, viungo vifungwe kwa klempu na tepu ya foili ya chuma. Ile tepu ya kitambaa cha kijivu ambayo watu hufungia kila kitu haifai, gundi yake inakauka kwa joto na kuachia. Usipige skrubu zinazotokeza ndani ya bomba, maana kila ncha ya skrubu ni ndoano ya manyoya. Sehemu ya bomba inayoingia ndani ya nyingine ielekee kule hewa inakokwenda.

Kisha pima urefu. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani zinaweka ukomo wa futi 35 kutoka draya hadi nje, na kila kona ya nyuzi 90 inakatwa futi 5, ya nyuzi 45 futi 2.5. Kwa hiyo bomba lenye kona mbili za nyuzi 90 limebakiwa na futi 25 tu. Mtengenezaji wa draya akitoa kipimo chake kwenye kitabu, fuata chake. Nyumba nyingi ambazo mashine ya kufulia imehamishiwa katikati ya nyumba zimepita kipimo hiki, na huko utasafisha kila baada ya miezi michache na bado nguo zitachelewa. Suluhisho ni kufupisha njia, au feni ya kusaidia kusukuma iliyotengenezwa kwa ajili ya draya, nayo pia itahitaji kusafishwa.

Mwisho ni kilango cha nje. Kinatakiwa kifunguke kwa upepo na kujifunga draya ikizima. Manyoya yaliyolowana hukigandisha, rangi ya ukuta hukibandika, ndege hujenga ndani yake majira ya machipuko, na theluji hukifukia Januari. Wapo wanaoweka wavu ili kuzuia ndege. Uondoe: wavu unakamata manyoya na kuziba kuliko ndege mwenyewe. Tafuta kifuniko cha kuzuia ndege kilichotengenezwa kwa ajili ya draya. Kama bomba lako linatokea paani, mwite mtu mwenye ngazi na bima.

Mashine inachemka kwa nje, au kuna harufu ya kuungua

Juu ya draya kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kiganja juu yake, si kawaida. Nguo zikitoka za moto kupita kiasi huku bado zina unyevu, maana yake joto linazalishwa na halina pa kwenda. Izime. Usimalizie mzigo uliomo.

Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani, kwa takwimu za mwaka 2008 hadi 2010, ilikadiria moto wa draya majumbani kuwa 2,900 kwa mwaka, ukiua watu 5, kujeruhi 100 na kuharibu mali ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliokuwa na matukio mengi zaidi ulikuwa Januari, na si ajabu: nguo nzito, madirisha yamefungwa, kilango kimefukiwa na theluji.

Harufu ya kuungua bila moshi: zima, chomoa, acha ipoe, kisha usiiwashe tena mpaka bomba na njia ya ndani vimesafishwa. Manyoya hukusanyika pia ndani ya kabati la mashine, kuzunguka elementi, mahali ambapo huwezi kupafikia bila kufungua bati. Hiyo ni kazi ya fundi, hasa kwenye gesi.

Moshi ukionekana, au mwali: usifungue mlango wa draya. Ukiufungua unaupa moto hewa. Kama breka, ile swichi ya draya kwenye boksi la umeme, iko njiani mwako, ishushe. Kama haiko njiani, iache. Toa watoto na wazee, funga mlango wa chumba nyuma yako, piga 911. Ndiyo maana draya haiachwi ikizunguka usiku watu wamelala, wala mkiwa mmetoka kwenda ibadani au kazini. Najua zamu za usiku zinabana watu, lakini hili silegezi.

Inazunguka vizuri, haina joto kabisa

Angalia kwanza kitufe. Karibu kila draya ina mpangilio wa kupeperusha bila joto, na watoto wanapenda kugeuza vitufe.

Draya ya umeme inatumia nyaya mbili zinazoleta umeme. Mota inahitaji mmoja tu, elementi inahitaji zote mbili. Kwa hiyo breka ikikata upande mmoja, pipa linazunguka kama kawaida na joto hakuna. Nenda kwenye boksi la umeme, tafuta breka pacha ya draya, isukume mpaka mwisho wa kuzima, kisha iwashe. Ikikata tena, usiishindilie. Ita fundi umeme. Kwenye gesi, hakikisha ulifungua koki ulipomaliza kusafisha.

Kama umeme uko sawa, mshukiwa ni fyuzi ya joto, kipande kidogo karibu na njia ya hewa kinachokata mara moja joto likizidi na hakirudi. Kwenye baadhi ya mashine ikikata joto linapotea, kwenye nyingine mashine haiwaki kabisa. Fundi ataipima kwa mita mashine ikiwa imechomolewa plagi, na bei yake si kubwa. Shida ni kwamba watu wanaibadilisha wanaishia hapo. Kwa kawaida fyuzi haikatiki kwa kuchoka. Imekatika kwa sababu hewa ya moto haikutoka. Usiposafisha bomba, mpya nayo itakatika.

Utakutana na video za watu wanaounganisha nyaya mbili ili kuiruka fyuzi. Wanachoondoa ni kitu cha mwisho kinachosimama kati ya elementi na manyoya. Fundi akikupendekezea hivyo "kwa muda tu", mlipe nauli aende zake.

Inajizima mapema nguo zikiwa bado

Hapa usianze na bomba. Tazama ndani ya pipa, karibu na chujio au upande wa nyuma, utaona pau mbili fupi za chuma zinazong'aa. Hiyo ndiyo sensa ya unyevu. Nguo mbichi zikizigusa, mashine inajua kazi haijaisha. Vile vikaratasi vya kunukiza huzipaka utando, zikashindwa kuhisi, na mashine ikadhani nguo zimekauka. Mashine ikiwa baridi, zifute kwa pamba yenye spiriti, au kwa siki kidogo, ziache zikauke na harufu ya spiriti iishe kabisa ndipo uwashe. Vitu viwili vitatu peke yake kwenye pipa navyo huidanganya sensa kwa kuwa haviigusi vya kutosha. Ongeza taulo, au tumia mpangilio wa dakika.

Chumba kinatoka jasho na nyuma ya mashine kumejaa manyoya

Bomba limechomoka, au halijawahi kufika nje. Dalili ni madirisha yenye ukungu kila ukikausha, rangi inayobabuka, kuvu jeusi kwenye kona ya dari. Mulika nyuma ya mashine: kiungo kikiwa kimeachia utaona manyoya yametapakaa ukutani kuanzia pale. Bomba linalomwaga hewa kwenye dari, chini ya sakafu au gereji halijatatua chochote. Limehamisha unyevu na manyoya kwenda mahali usipopaona, kwenye mbao kavu.

Kuna vindoo vya maji vinavyouzwa ili draya itolee hewa ndani ya chumba. Kwa gesi ni hatari ya kifo. Kwa umeme, unyevu wote unabaki ndani na watengenezaji wengi wanavikataa, sivipendekezi. Na kila nyumba yenye draya ya gesi iwe na king'ora cha kaboni monoksidi. King'ora kikilia, au watu wakapata kichwa kuuma na kizunguzungu kila draya inapowashwa, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Inanguruma au inagonga

Ngurumo inayoongezeka na upepo unaopungua kwa pamoja: manyoya yamejisokota kwenye feni. Kugonga kwa mpigo sawasawa, upepo ukiwa mzuri: ni rola zinazobeba pipa au mkanda unaolizungusha, si manyoya.

Draya isiyo na bomba

Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, draya nyingi zinapoza mvuke ndani kwa ndani na kukusanya maji kwenye tangi. Zina chujio mlangoni kama nyingine, la kusafisha kila mzigo, na mara nyingi lina kurasa mbili zinazofunguka. Wengi wanasafisha ya nje tu. Tangi limwagwe kila mara. Kisha kuna kipozeo chenyewe, nyuma ya kilango kidogo chini ya mashine, na hicho ndicho kinachosahaulika. Nguo zikianza kuchelewa, chomoa plagi, acha ipoe, fungua kilango, geuza vishikio, vuta kipozeo nje. Kipeleke bafuni, kipitishe maji ya shawa kwa urefu na kwa upana hadi yatoke meupe, kichuruzike, futa raba zinazozunguka tundu, kirudishe. Chumba nacho kiwe na hewa. Mashine hizi zikifungiwa kwenye kabati zinashindwa kupoza.

Zile za pampu ya joto mara nyingi kipozeo chake hakitoki. Kina mapezi membamba ya aluminiamu yanayopinda hata kwa ukucha. Tumia mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi laini, ukifuata mapezi yalivyosimama, kamwe si kwa kukatiza. Bisibisi, uma na brashi ya waya visikaribie hapo. Baadhi zinajisafisha zenyewe; soma kitabu kabla ya kuchokonoa.

Ukinunua ya mkononi Uingereza, angalia namba ya modeli kwanza. Mwaka 2015 Whirlpool ilitangaza kwamba katika baadhi ya draya zake, zikiwemo za majina ya Hotpoint, Indesit na Creda, manyoya yangeweza kugusa elementi. Agosti 2016 moto ulioanzia kwenye draya uliunguza sehemu ya ghorofa la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na mwaka 2019 zile ambazo hazijarekebishwa ziliitwa kurudishwa. Mashine za kundi hilo zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 bado unaweza kuzikuta zikiuzwa mtu kwa mtu.

Vitambaa vyenye mafuta

Hapa manyoya hayahusiki sana, lakini moto ni uleule. Vitambaa vya jikoni vilivyofuta mafuta ya kukaangia, taulo za kupaka mafuta ya nazi au za masaji, nguo za gereji: mafuta hayatoki yote kwa kufua, na yakipashwa joto yanaweza kujiongezea joto yenyewe mpaka yawake, hata baada ya draya kuzima, nguo zikiwa zimerundikwa kwenye kikapu. Vianike. Vyenye petroli au tina ya kuyeyushia rangi visiingie kabisa, wala vyenye sponji na raba.

Ukiwa mpangaji

Chujio na mfereji wake ni kazi yako. Bomba lililomo ukutani, hasa la ghorofa linalopanda hadi paani, kwa kawaida ni la mwenye nyumba, na wewe usiingize brashi huko. Andika kwa maandishi, si kwa mdomo: draya inachukua muda gani, kilango cha nje kinafunguka au la, harufu gani umeipata na tarehe gani. Ambatisha picha. Omba waje kusafisha bomba, usiombe "waangalie draya", maana watakuletea draya nyingine.

Baada ya kusafisha

Rudisha mashine bila kulibana bomba; acha nafasi nyuma. Fungua koki ya gesi, na kama paipu iliguswa, paka maji ya sabuni kwenye viungo: povu likichemka, gesi inavuja, funga tena na uite fundi. Chomeka plagi. Endesha tupu kwa dakika kumi, maana manyoya yaliyolegea bado yanatoka, kisha safisha chujio tena na uende nje ukaweke kiganja kama mwanzo.

Kausha mzigo wa kawaida wa taulo na uandike muda wake kwenye kipande cha tepu ubandike ubavuni mwa mashine. Muda huo ukianza kurefuka, bomba linaziba tena. Kwa familia ndogo mara moja kwa mwaka inatosha. Nyumba yenye watoto wengi, mbwa au paka, au bomba refu, isisubiri mwaka. Kama umesafisha kila kitu na upepo bado ni hafifu, sasa mwite fundi, na mwambie kabisa ulichokwisha kusafisha, afungue moja kwa moja kwenye feni.